Kazi Iliyofunikwa

Je, kazi ambayo hapana mtu atakayeiona ina haki gani juu ya yule aifanyaye? Swali hili, msomaji wangu, ni jepesi ukilikuta kitabuni. Si jepesi siku utakapokuwa na mfuko mwembamba na kazi nzito mbele yako. Tulitazame kwa mfano wa ndege ndogo iliyochakaa, na mtu asiye tajiri atakaye kuirudisha angani.

Ndege yenyewe ni Piper J-3 Cub, iliyoundwa katika mji wa Lock Haven, Marekani, toka mwaka 1938 hata 1947. Ziliundwa karibu 20,000, na nyingine zingali zikiruka hata leo. (Ndugu yake mdogo, Super Cub, ajulikana hapa kwetu katika mbuga ya Tsavo kwa ulinzi wa ndovu.) Huchukua watu wawili, mmoja nyuma ya mwenziwe. Kiunzi chake ni mabomba membamba ya chuma yaliyovikwa kitambaa, na injini yake huamshwa kwa kuzungusha rafadha kwa mkono. Kwa sababu ya wepesi huo, mtu wa kipato cha kadiri aweza kununua moja iliyotupwa ghalani, akaitengeneza mwenyewe chini ya usimamizi wa fundi mwenye leseni, ambaye huikagua na kutia sahihi daftarini. Jasho lake ndilo akiba yake.

Ndege hii husimama mkia chini. Maji na taka hutiririka hata mwisho wa kiunzi yakakaa kati ya kitambaa na chuma, na huko ndiko kutu huanza kula. Fundi huvua kitambaa, akayagonga mabomba kwa chuma chenye ncha: palipo pazima hulia, palipooza hutoboka. Kilichooza hapana budi kikatwe, na chuma cha kukifidia si cha kila duka. Vivyo hivyo bolti. Bolti ya ndege ina alama kichwani na bei yake ni kubwa. Ya duka la kawaida yaweza kulingana nayo kwa unene na urefu, nayo ni rahisi mno. Zikiisha kupakwa rangi, jicho halizitambui. Kisha kitambaa kipya hutandazwa, hupigwa pasi mpaka kikaze kama ngozi ya ngoma, hushonwa kwenye mbavu za mabawa. Tangu saa hiyo yaliyomo ndani hayaonekani kwa miaka mingi. Utasema fundi alikagua. Naam, lakini hata yeye hakushika kila bolti mkononi.

Wako wasemao: ndege ni yake, na shingo ni yake. Hoja hii ni dhaifu. Kiti cha pili hakikuwekwa bure, na ndege huishi kuliko mwenyewe. Ataiuza, na mnunuzi ataiuza tena.

Hoja ya pili yanichoma zaidi, maana nimelelewa katika nyumba ya kuhesabu senti. Je, maskini akatazwe kuruka kwa kukosa bei ya bolti? La hasha. Umaskini wamruhusu kungoja miaka minne badala ya mmoja. Wamruhusu kukalia kiti kilichopasuka na kuacha rangi ihitilafiane. Ajabu ni kwamba aghalabu twafanya kinyume: twatumia fedha kwenye rangi, twabana kwenye mkia. Na aliyetia bolti ya rahisi hakupunguza gharama; ameihamisha tu, na atakayeilipa hakuulizwa.

Sisemi haya kwa kujiona mwema. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikuwa na baiskeli ambayo waya wa breki ya nyuma ulikatika. Niliufunga fundo, nikalificha fundo kwa utepe mweusi, nikaipaka baiskeli rangi ya kijani, nikamwuzia kijana mmoja mchukuzi wa maziwa. Aliisifu rangi. Hakuniuliza habari za breki, wala mimi sikumwambia. Na njia yake ya kila alfajiri ilikuwa mteremko mrefu hata mtoni.