Gari la Baba na Nyundo ya Fundi



Nyumbani kwetu Mbinga, nyuma ya jiko, kuna Land Rover 109 iliyopo juu ya mawe tangu mwaka 2014. Ni Series III, ile ndefu. Baba aliinunua mnadani ikiwa imeshachoka, akaitumia kubeba kahawa. Na mnajua mambo ya kijijini: mwenye gari hana gari. Lilibeba wagonjwa, likabeba maharusi, likabeba majeneza ya watu. Baba alipofariki likabeba na la kwake. Wiki mbili baadaye betri ikafa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kununua nyingine.

Mwaka huu nikiwa likizo, Mama aliniita. Kahawa ilikuwa imelipa kidogo. "Nataka tulifufue gari la baba yenu," akasema. "Wewe umesoma falsafa, niambie kama nakosea." (Wanaosema falsafa haina kazi nyumbani, wasikie hapo.) Mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, alikuwa mlangoni anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Hela ni hiyo hiyo moja, na wote watatu tulijua.

Niseme ukweli, nilitaka kujibu ndiyo. Nilikuwa na mahubiri tayari kichwani: gari bovu, fundi hodari, sisi wakosefu na Mungu asiyetukatia tamaa. Mfano huo mmeshausikia. Mimi mwenyewe niliwahi kuutoa kwenye semina ya vijana wakapiga makofi. Nikaona hapa nitapata ushuhuda kabisa, na picha za kabla na baada.

Kesho yake nikamleta fundi, mzee aliyewahi kumtengenezea Baba.

Land Rover za zamani zina jambo moja ambalo wengi hawalijui. Zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, baada ya vita, chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgao, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Aluminiamu haili kutu kama chuma. Ndiyo maana gari la Baba kwa juu linadanganya: rangi imepauka, kioo kimoja kimepasuka, lakini mbavuni halina tundu. Wapita njia husema, "Mbona hii bado nzima!" Lakini chasisi, ile inayobeba kila kitu, ni chuma. Ni kama boksi refu lililo tupu ndani. Maji na tope huingia kwenye matundu yake na kukaa humo masika hadi masika, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Siku jicho linapoona doa, ukuta umeshaisha.

Kwa hiyo fundi hakuangalia bodi hata kidogo. Alilala chini na nyundo ndogo akaanza kugonga, huku anasikiliza. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito, fupi, kama unagonga gunia. Mbele kililia. Katikati kililia nusu. Nyuma, pale springi zinaposhikiliwa, nyundo ikapenya. Akaingiza vidole, akatoa maganda mekundu, akaniwekea kiganjani.

"Frateri, hapa unasafiri kwa imani tu."

Injini angeweza kuiwasha. Giaboksi nzima. Ila pale nyuma pakikatika tukiwa mteremkoni na watu wamejaa, tutazika. Njia ni mbili: kuchomelea viraka, ambavyo vitadumu misimu michache, au kutafuta chasisi nyingine. Kwa kazi yote akataja milioni 14, na hakuwa anatania.

Hapo falsafa yangu ikaamka. Plutarko anasimulia jahazi la Theseo, ambalo Waathene walikuwa wakibadilisha mbao zilizooza moja baada ya nyingine, hadi wanafalsafa wakabishana kama bado ni lile lile. Tukiweka chasisi nyingine, bado ni gari la Baba? Namba iliyo kwenye kadi ya gari ndiyo iliyogongwa kwenye chasisi, kwa hiyo serikali nayo, bila kumsoma Plutarko, ina jibu lake.

Lakini usiku ule halikuwa hilo lililoninyima usingizi. Ni yale mahubiri yangu. Kant, mwaka 1785, alitenganisha vitu vyenye bei na kile chenye hadhi. Chenye bei kinaweza kupata mbadala, chenye hadhi hakina mbadala. Gari lina bei. Ni halali kabisa kuuliza kama linalipa, na fundi anayesema "hapana" hakukosa huruma, amesema kweli tu. Sasa nikisema Mungu anatutengeneza kama gari, nimemwachia kijana aliyekaa nyuma swali baya sana: je, mimi nikigongwa, nitalia au nitapenya? Zakayo hakugongwa kwanza. Kwa mtu, swali la "analipa?" halipaswi hata kuulizwa. Na sisi tunaliuliza. Binti aliyepata mimba kidato cha tatu, kijana wa gongo: tunawagonga mara moja tu, tunasema hawafai. Halafu subira yote tunaipeleka kwenye vyuma. Mimi nilikuwa karibu kuipeleka ya kwangu huko huku mdogo wangu anachambua maharage.

Msinielewe vibaya lakini. Mama si mjinga, na sikuthubutu kumwambia "ni chuma tu." Sisi Wakatoliki tunabusu masalia ya watakatifu. Tunajua kabisa kwamba kitu kinaweza kumbeba mtu hata baada ya mtu kuondoka. Nilichomwambia ni kwamba hakuna anayedai mfupa wa mtakatifu utembee. Kama tunataka gari la kubeba kahawa, kuna kirikuu zilizotumika, bei chini ya hapo. Kama tunataka kumkumbuka Baba, kumbukumbu haihitaji kuwaka.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Yeye angefanya nini?"

Nikamkumbusha kwamba Baba aliwahi kuwaacha wateja wa kahawa barabarani ili ampeleke mke wa jirani kujifungua. Akacheka kidogo, halafu akalia. Mimi nikatoka nje. Hilo sikufundishwa chuoni.

Fundi alinunua injini na giaboksi. Haikutosha ada yote, ila pamoja na ya kahawa ilitosha muhula wa kwanza, na mdogo wangu ameshaondoka na basi la alfajiri. Wa pili tutauona huko huko. Mama alitoa sharti moja tu: usukani usiguswe. Sasa hivi kuku mmoja anaatamia mayai kwenye kiti cha dereva, na Mama amekataza mtu yeyote asimfukuze.