Mahali Palipokanyagwa

Wakati wa kiangazi mbuga za Katavi na Chada hukauka, nao nyati na viboko hula majani hata karibu na mizizi. Lakini mvua za Novemba zikinyesha, majani huchipua tena. Kwa maana mizizi ingali hai, nao wanyama hutawanyika.

Viwanja vya nyumba zetu hapa Mpanda sivyo. Mvua ni ile ile, lakini penye njia ya mkato hubaki upara, kwa kuwa miguu haikomi. Ukiuliza ni nani aliyeyaua majani, kila mtu hujibu, “Mimi nilipita mara moja tu.” Naye asema kweli. Je, hakuna basi mwenye kosa?

Tumtazame mwenye jembe. Hamwagi mbegu juu ya ardhi ngumu, zisije zikaliwa na kuku au kuchukuliwa na maji. Kwanza huziba njia, naye mwenyewe hukubali kuzunguka. Kisha huvunja udongo, hupanda mbegu au vipande vya ukoka mvua zianzapo, naye hungoja. Wala hang'oi majani machache yaliyosalia, maana hayo ndiyo yatakayotambaa na kuziba pengo.

Ndivyo ilivyo kwa aliyemkosea jirani. Kuomba radhi ni mbegu njema, lakini haioti chini ya mguu ungali ukikanyaga. Nalo deni la hatua ndogo ni la kila aliyepita, hata aliyepita mara moja. Ndugu msomaji, wewe hupita wapi?