Kinachokata Umeme Si Adui

Paliondokea bwana mmoja Kibamba, mfanyabiashara wa mbao, aliyejenga kama wanavyojenga wengi kando ya Barabara ya Morogoro: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, kupaua Mungu akijalia. Msomaji asihangaike kuitafuta nyumba yake. Kisa hiki ni cha kutunga, ila yaliyomo yamejaa tele kwenye nyumba za kuanzia Kimara hadi Kibaha.

Fundi wake wa umeme alikuwa na leseni ya EWURA, na hakuwa mtu wa kuogopa kusema. Alipoambiwa aweke soketi bafuni kwa ajili ya mashine ya kufulia, alikataa. "Bosi, hapa siweki. Hita nitakufungia, swichi yake ikae huku nje ya mlango. Mashine itafutie mahali pengine." Kwenye boksi la umeme, pamoja na sakiti breka, akafunga na kile kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Bwana aliilalamikia bei, akalipa. TANESCO wakaja, wakafunga mita ya LUKU, taa zikawaka.

Mashine ilipofika haikuwa na pa kukaa. Bwana akamwita kijana wa mtaani, naye akatoboa ukuta nyuma ya soketi ya chumbani, akapitisha nyaya mbili hadi upande wa bafu, akafunga soketi mpya. Waya wa tatu, ule wa kijani na njano unaopeleka ethi, hakuuvuta. "Hata bila huo inawaka," alisema. Na kweli iliwaka.

Miezi ikapita. Siku moja mke wa bwana akitoa nguo kwenye mashine alihisi mkono unatekenywa, na papo hapo umeme ukakatika nyumba nzima. Wakaurudisha. Kesho yake, hivyo hivyo. "Baba watoto, hii mashine ina shoti," alisema. Bwana akashikilia kwamba kibovu ni kile kifaa cha bei mbaya, ndicho kinachokata ovyo. Kijana akaitwa tena, akazichomoa nyaya kwenye RCD na kuziunga moja kwa moja. Tangu hapo umeme haukukatika.

Kijana aliondoa nini? Sakiti breka kazi yake ni kulinda nyaya zisiungue. Breka ya ampea 20 haishughuliki na umeme ulio chini ya kiasi hicho. Mwili wa mtu aliyelowa unaweza kuwa na ukinzani wa om 1,000 tu, na ukigusana na volti 230 hupitisha miliampea 230 hivi. Kwa breka, hiyo haifiki hata sehemu moja ya themanini ya kipimo chake. Kwa moyo, inatosha kuvuruga mapigo mpaka yasimame. RCD ndiyo inayomwangalia mtu: hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata kabla nusu sekunde haijaisha, maana umeme uliopungua umevujia mahali, pengine mwilini mwa mtu. Kwa hiyo kila umeme ulipokatika, mke wa bwana yule alikuwa ameokolewa.

Asubuhi moja alisimama pekupeku juu ya vigae vilivyolowa, akashika ubavu wa mashine. Mkono ukakakamaa, ukagoma kuachia. Mwanawe alikimbilia kumvuta, lakini bibi yake akampigia ukelele kutoka ukumbini: "Usimguse! Zima meni swichi kwanza!" Mtoto akageuka, akazima. Mama akaanguka, yu hai. Kiganja kiliungua, na katika hospitali ya Mloganzila madaktari walimlaza hadi siku ya pili wakifuatilia moyo wake.

Wengine hawakuwa na bibi wa kupiga ukelele. Claude François, mwimbaji wa Ufaransa aliyeshiriki kutunga wimbo ambao baadaye dunia iliujua kama "My Way", alikufa tarehe 11 Machi 1978 nyumbani kwake Paris. Alikuwa bafuni, mwili umelowa, akanyoosha mkono kwenye taa ya ukutani yenye hitilafu. Alikuwa na miaka 39, na hakukosa pesa ya kumlipa fundi.

Kanuni za Uingereza, zilikotoka soketi zetu za matundu matatu, zinataka soketi ikae angalau mita 2.5 kutoka mahali pa kuogea. Bafu zetu nyingi hazina nafasi hiyo, basi soketi ikae nje. Ekstensheni nayo isiingizwe bafuni, iwe ya simu au ya hita ya ndoo. Maji ya ndoo yachemshwe kwingine, na hita ichomolewe ukutani kabla mtu hajatia mkono. Ethi ifike kwenye kila soketi. RCD ina kitufe cha kujaribia: kibonyeze mara kwa mara, na umeme usipokatika, ita fundi. Fundi huyo awe na leseni hata kama kazi ni soketi moja, kwa sababu nyumba ya bwana yule ilikuwa salama siku ilipowashwa umeme, ikaharibiwa na kazi ndogo ya mchana mmoja.

Na ukiona umeme unakatika kila mtu anapogusa kitu fulani, kiache kifaa kinachokata. Chomoa hicho kinachoguswa.