Yai Lililouzwa Mara Tatu

Kwetu Kinanie, mtoto akitaka kujua maana ya kutoa, nampeleka kwenye mnada wa baada ya ibada. Asiye na pesa ya kutia kikapuni ameleta alichonacho: kuku aliyefungwa miguu, gorogoro ya ndengu, mayai mawili kwenye kikombe. Mzee wa kanisa anainua yai moja. "Niko na hamsini, nani ataongeza?" Linapanda hadi mia mbili. Aliyelinunua halichukui, anamwambia mzee alinadi tena. Yai lile lile linauzwa mara tatu, kisha linaishia mkononi mwa ajuza ambaye hakununua kitu.

Watoto huangua kicheko. Lakini bei ya yai dukani wanaijua, kwa hivyo wanaona wazi kwamba watu wazima wamekubaliana kuacha kupiga hesabu kwa muda.

Sadaka ya simu haina kicheko hicho. Baba anabonyeza nambari ya kanisa, anaweka nambari ya siri, basi, na mwanawe aliyeketi kando anadhani anajibu ujumbe. M-Pesa imetufaa tangu 2007, siisemi vibaya, ila imewafichia watoto mkono unaotoa. Najua kuna atakayenikumbusha Mathayo 6, kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia. Pale Yesu aliwakemea wanaotafuta sifa za watu. Katika Marko 12 yeye mwenyewe aliketi kuielekea sanduku ya hazina akitazama watu wakitoa, na ndivyo alivyomwona mjane wa senti mbili.

Kinachonikera zaidi ni mahubiri ya "panda mbegu": toa elfu moja, Mungu atakurudishia elfu kumi. Wahubiri hao nadhani hawajalima huku. Udongo wetu ni mweusi, ukikauka unapasuka, ukinyeshewa unang'ang'ania viatu. Wakulima wa Ukambani huzitegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba, na mwaka zinapokosa, mtoto huona mahindi yakinyaukia magotini. Mwambie huyo kwamba sadaka ni mbegu, atakuuliza: je, mvua isiponyesha?

Swali lake ni zuri kuliko mahubiri yenyewe. Nyanya mmoja wa huku alivuna kidogo, akapima gorogoro moja akapeleka kanisani, akarudi nyumbani kula kilichobaki. Hakuweka mkataba na Mungu. Msimu uliofuata mvua ilikosa tena, naye hakudai chake. Kumtegemea Mungu kwa habari ya pesa nimekuelewa kwa kumtazama nyanya huyo. Wala hakuacha kuweka akiba kwenye chama chake cha kina mama. Hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Vijana wakubwa wana maswali magumu zaidi. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais William Ruto kwa kanisa la Soweto, Kayole, na kuagiza pesa zirudishwe. Vijana wetu waliuliza kama kanisa linaweza kweli kukataa pesa na paa linavuja. Wamezoea kuona mwanasiasa akishika kipaza sauti, akitaja kiasi, na makofi yakifuata. Jibu langu lilikuwa fupi: pesa inayotangazwa kabla ya kutolewa imeshapata ilichokitaka.

Kwa wadogo naona inatosha wawe na chao cha kutoa. Kumpa mtoto sarafu mlangoni mwa kanisa aitie kikapuni ni kumfanya tarishi. Mpe mapema, iwe yake, aamue mwenyewe, hata akiamua vibaya. Kitinda mimba wangu Jumapili moja alitia sarafu ya ndovu, ile ya ishirini, akabaki na ya simba, ile ya kumi, ya kununulia mandazi. Dada yake akamsuta kwamba angetoa zote. Nikamwambia dada mtu aachane na pesa za mwenzake.