Kiraka cha Bati

Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya London iliombwa iamue jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wanafalsafa. Mtu mmoja alikuwa amekubaliana na wanunuzi kuwauzia gari la mashindano aina ya Bentley, lililojulikana kwa jina la Old Number One. Hilo ndilo lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, kule Ufaransa, mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Bei ilikuwa ya mamilioni ya pauni. Kisha wanunuzi wakarudi nyuma, wakadai kwamba gari wanalouziwa silo lile. Na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Baada ya ushindi ule gari lilibadilishwa kitu hiki na kile. Mwaka 1932 lilipata ajali katika mbio za Brooklands, na dereva wake, Clive Dunfee, akapoteza maisha. Likajengwa upya, likavishwa bodi ya namna nyingine kabisa. Vyuma vilivyovuka mstari wa ushindi vilikuwa vimekwisha karibu vyote. Basi kilichokuwa kikiuzwa ni nini?

Jaji Otton aliamua kwamba gari hilo ni Old Number One halisi. Hakusema kwamba vyuma vyake ni vile vile. Alichokitazama ni kwamba historia yake haikukatika. Tangu Le Mans hadi mahakamani hapakuwa na siku ambayo gari moja lilikufa na jingine likazaliwa, wala hapakuwa na gari jingine duniani lililoweza kulidai jina lile.

Mkulima yeyote angemwambia jaji hayo bila kulipwa ada. Jembe langu ni jembe langu hata kama nimelibadilisha mpini mara tatu. Lakini hukumu ile inanigusa kwa sababu nyingine. Kama uhalisi wa gari umo katika maisha yake yasiyokatika, basi tunafanya nini tunapolichukua gari kuukuu na kulifuta maisha hayo, ili lionekane kama lilivyotoka kiwandani?

Wapenzi wa magari ya zamani katika Afrika Mashariki si wachache kama wengi wanavyodhani. Huko Nairobi, tangu mwaka 1970, yamekuwapo mashindano ya urembo wa magari, ambamo waamuzi hufungua boneti na kuchungulia uvunguni wakitafuta doa la mafuta. Na tangu mwaka 2003 yapo mashindano ya Safari ya magari ya kale, ambamo magari hayo hayo hutupwa tena kwenye vumbi na mawe. Mimi moyo wangu uko na hawa wa pili, ingawa nakiri kwamba gari linalong'aa hunisimamisha njiani kama mtu mwingine yeyote.

Kwetu swali hili lina umbo la Peugeot 404. Marehemu baba alikuwa nayo. Gari hizo zilitengenezwa Ufaransa tangu 1960 hadi 1975, na huku kwetu zilijipatia heshima kwa kushinda mbio za Safari mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 usukani ulishikwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Mwaka 1963 na 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Baba, ambaye hakuwahi kushindana na mtu yeyote barabarani, aliuhesabu ushindi wote huo kuwa ni wake.

Gari lile lilipita katika miaka migumu. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika nchini, na spea zikaadimika pamoja nazo. Siku za Jumapili magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea baada ya saa nane mchana, ili kubana mafuta. Katika miaka hiyo madigadi ya mbele, upande wa kushoto, ililiwa na kutu. Mpya haikupatikana kwa hela wala kwa kujuana. Fundi mmoja wa Gerezani akaikata sehemu iliyooza, akachukua bati la pipa la mafuta, akaligonga kwa nyundo juu ya gogo hadi likapata mkunjo uliokaribiana na ule wa Wafaransa, akalichomelea. Bushi za mpira alizichonga kutoka kwenye tairi kuukuu. Gari likatembea. Kiraka kile kipo hadi leo. Ukipitisha kiganja unausikia mshono.

Mdogo wangu anataka kiondoke. Amekwisha kuulizia madigadi kutoka Ulaya, na anajua rangi ya asili iliitwaje kiwandani. "Kaka," huniambia, "tulirudishe lilivyokuwa. Tumheshimu mzee."

Lilivyokuwa lini? Baba alilinunua gari hilo likiwa limekwisha kutumika. Gari lililotoka kiwandani sisi hatukulipanda, wala yeye hakulipanda. Tulilopanda ni hili lenye kiraka, lililotupeleka shule na hospitali, na siku moja likambeba yeye mwenyewe safari ya mwisho.

Hata hivyo mdogo wangu ana jibu, tena zito. Baba hakukipenda kiraka kile. Alikivumilia. Angepata madigadi mpya angeifunga siku hiyo hiyo. Je, ni heshima kumhifadhia marehemu kitu alichokivumilia tu? Tukikiacha hatutakuwa tunaipamba shida ya mwenzetu kwa kuwa sisi hatuna tena shida hiyo? Nimelifikiria neno hili kwa miaka, na silioni kuwa la kulipuuza. Watu walioshiba hupenda sana kumbukumbu za njaa.

Lakini kiraka kile si cha baba peke yake. Kuna mkono wa mtu mwingine mle. Fundi yule hakuwa na mashine ya kukandamiza bati kama ya Peugeot. Alikuwa na nyundo, jicho na gogo. Mtu anayelirudisha gari "lilivyotoka kiwandani" humheshimu aliyekuwa na mashine, na humfuta aliyekuwa na nyundo. Anasema, bila kutamka, kwamba kazi ya kweli ilifanyika Ulaya, na yote yaliyofuata huku yalikuwa uharibifu tu. Hapo ndipo ninapogoma. Gari lile liliundwa mara moja Ufaransa, na likaokolewa mara kumi Gerezani.

Msomaji asidhani nasema kila kutu ni takatifu. Mwaka 2009 Bugatti moja iliopolewa kutoka ziwa Maggiore, mpakani mwa Italia na Uswisi, baada ya kukaa chini ya maji kwa miongo mingi. Mwaka uliofuata ikauzwa Paris kwa mnada, na aliyeinunua akaiweka katika makumbusho yake huko California hivyo hivyo, nusu yake imeliwa. Inavutia, lakini hiyo ni maiti iliyotunzwa vizuri. Gari letu bado linatembea, na kinachotembea kina haki ya kutibiwa. Breki nimeafiki zibadilishwe zote, tena bila mjadala. Mtoto anayevuka barabara hajui habari za kumbukumbu zetu.

Kwa sababu hiyo hiyo siwacheki vijana wanaotia injini ya Toyota ndani ya Peugeot, au wanaokata paa na kushusha springi. Wazee wa mashindano huwaona waharibifu. Mimi naona angalau hawasemi uongo: gari lao linatangaza waziwazi kwamba limepita mikononi mwao. Mwongo ni yule anayefukia kutu chini ya rangi ya kupendeza, akabadilisha namba, kisha akaandika "halisi" katika tangazo la kuuza.

Mimi na mdogo wangu tumefika mahali pa kukubaliana, ingawa yeye bado ananung'unika. Gari litapigwa rangi, na kiraka kitabaki chini ya rangi hiyo bila kufukiwa, mshono wake ukionekana kwa mwenye macho. Yeye ndiye aliyeleta wazo la pili. Kadi ya gari ina nafasi ya jina la mwenye gari, namba ya injini, namba ya chesisi, hata rangi, lakini haina nafasi ya fundi. Akasema basi tuliandike jina lake wenyewe, kwa brashi ndogo, ndani ya boneti. Tumewauliza mama, majirani wa zamani, na mafundi wawili wazee waliobakia mtaa ule. Kila mmoja anamkumbuka vizuri, mpaka kofia yake. Lakini wote walimwita Fundi.