Koti la Kuazima

Kijana wa kijijini ameitwa Lubumbashi kuulizwa maswali, ili pengine apewe kazi ya ukarani serikalini. Hana kostimu. Rafiki yake anayo, naye yu tayari kumwazima kwa siku moja. Ndipo kijana anauliza: nikiingia mbele ya wakubwa na koti lisilo langu, si nimewadanganya? Wako watakaocheka wakisikia swali hilo. Sisi hatucheki. Ni swali la mtu mwenye dhamiri, na yafaa kulijibu taratibu.

Tutazame kwanza namna serikali zenyewe zilivyofikiri juu ya nguo katika nchi yetu. Wakati wa Wabelgiji, katika miaka ya 1950, Mkongo aliyetaka kuhesabiwa kati ya wastaarabu alichunguzwa hata nyumbani mwake: watu walikuja kuona namna alivyoishi na jamaa yake. Koti na karavati vilikuwa dalili ya mtu aliyeendelea. Halafu katika miaka ya 1970 Rais Mobutu alivikataza. Wanaume wa biro wakavaa abakosti, jina lililotoka katika maneno ya Kifaransa ya kusema kwamba kostimu ianguke. Siku ya 24 Aprili 1990 Mobutu akatangaza kwamba apendaye karavati aweza kuifunga, ingawa yeye mwenyewe hakuiacha abakosti yake. Basi karani mmoja aliweza kufunga karavati kwa utii, kuivua kwa utii, na kuzeeka akiambiwa afanye apendavyo. Je, hesabu zake zilikuwa bora siku moja kuliko nyingine kwa sababu hiyo?

Nguo, basi, haisemi mtu anajua nini. Lakini haikosi kusema kitu. Mtu anayekwenda kuposa hafiki ukweni na kaptula ya kulimia, hata kama shamba lake ni kubwa. Anajisafisha, kwa kuwa anawaheshimu wenye nyumba. Aliyeazima koti anasema hilo tu: ninyi mlioniita nawaheshimu. Hakusema kwamba yeye ni tajiri, na wakubwa hawakumwuliza. Angebandika kifuani alama ya shule asiyosoma, hapo angekuwa mwongo, hata kama koti ni lake mwenyewe.

Kinachotutia wasiwasi si kuazima, bali kununua. Ziko nyumba ambamo mbuzi wa mwisho ameuzwa, na pesa ya shule ya mdogo wake imekwisha kwa kiatu chenye ncha. Kazi ni moja, walioitwa ni wengi, na karibu wote watarudi na viatu tu. Wale vijana wa Kinshasa na Brazzaville wanaoitwa basapeur wanapenda mavazi ya gharama, nao wana furaha yao, hatuwagombezi. Lakini mdogo mtu hakuulizwa kama anakubali kukaa nyumbani mwaka mzima. Shati lililofuliwa na kupigwa pasi ya makaa linatosha. Kwa dada zetu, kikwembe kilichoshonwa vema kinatosha pia. Mtu atasema maji ya mto hayauzwi, hivyo mchafu ni mvivu tu. Sabuni inauzwa, ndugu.

Hata hivyo mzigo mkubwa hauko kwa kijana, uko kwa yule anayekaa nyuma ya meza. Kijana anaweza kukosa koti pasipo kosa lolote; mkubwa hawezi kumpima kwa koti pasipo kosa. Kazi anayoigawa si mali yake. Ni ya mama anayengoja dirishani tangu asubuhi, mtoto mgongoni, akitaka hati ya kuzaliwa. Mama huyo hatasaidiwa na kola nyeupe ya mtu asiyejua kuandika jina la mtoto wake sawasawa. Mkubwa akimchagua huyo kwa kupendezwa na kostimu, amemnyang'anya mama haki yake, hata kama hakupokea rushwa ya mtu.

Na masika yakija, pengine atamwona mmoja akiingia na matope hata magotini. Asimfukuze mlangoni. Amwulize ametoka wapi, na kama amekuja kwa gari au kwa miguu. Kisha ampe kalamu.