Tairi Pana Unamchagulia Nani?

Mwaka 1974 Lamborghini ya Italia ilianza kuuza Countach, gari lililochorwa na Marcello Gandini, injini ya silinda 12 ikiwa nyuma ya dereva. Tairi zake za nyuma zilikuwa 215/70, ringi ya inchi 14. Mwaka 1978 likaja toleo la LP400 S, nalo nyuma likavaa 345/35, ringi 15. Hebu zisome namba hizo, ndugu msomaji: upana ulitoka milimita 215 hadi 345, na ubavu wa tairi, ambao hupimwa kwa asilimia ya upana huo, ukashuka kutoka 70 hadi 35. Na nguvu ya injini je? Haikuongezeka hata chembe. Kwa upana ule na mabati yaliyovimba juu ya magurudumu, gari jipya likawa halifikii kasi ya kaka yake. Lakini ndilo lililobandikwa ukutani na vijana.

Mtu atasema basi, ni ujiko tu. Mimi sikubali kirahisi hivyo. Tairi lile lilishika kona kavu kuliko jembamba, hilo halina ubishi. Injini kali haina faida kama raba haiwezi kuikabidhi lami nguvu hiyo. Ukikanyaga mafuta magurudumu ya nyuma yanazunguka bure, na mkia unataka kutangulia mbele. Kwa hiyo mwenye gari la nguvu anapochagua tairi pana la nyuma hatafuti sifa peke yake. Anatafuta kubaki barabarani.

Tatizo langu liko kwenye mvua. Uzito wa gari haubadiliki eti kwa kuwa umenunua raba nyingi. Kwa upepo ule ule, sehemu inayogusa lami haiongezeki sana; hubadilika umbo tu, ikawa pana na fupi. Pakavu umbo hilo ni zuri. Penye maji, tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni, hivyo huanza kuelea mapema kuliko jembamba, na likiwa kipara ndiyo usiseme. Hapo usukani na breki vinageuka mapambo.

Mshikaji wangu mmoja, mpenzi wa magari, huniambia: "Gari lake, pesa zake, wewe inakuuma nini?" Inaniuma kwa sababu barabara si yake. Anayechagua 345 anamchagulia pia mtu anayevuka kwa miguu, awe Milan au Dar es Salaam, ambaye hajui 345 ni mdudu gani. Dereva amejichukulia utamu wa siku ya jua. Mwenzake kapewa siku ya mvua, tena bila kuulizwa. Hiyo si haki, hata kama hakuna sheria iliyovunjwa.

Mshikaji hakunyamaza, na hoja yake ina uzito: ukiweka jembamba kwa kuogopa mvua, si utateleza kwenye kona kavu ukamfuata mtu yule yule? Kweli, na siku kavu ni nyingi. Ila pakavu dereva akipunguza mwendo kabla ya kona, upungufu wa tairi anaulipa mwenyewe kwa kuchelewa kidogo. Kwenye maji naye angeweza kupunguza, lakini nani anunue tairi lile aje kutembea kilomita 40 kwa saa? Hapo ndipo tulipoachana, yeye akidai namwonea wivu tajiri ambaye hata simjui.